Mtoto Amemuuliza Bibi Yake: Mke Wako Yuko Wapi?

Mpendwa mshauri Mama Nchagwa, naomba msaada wako, na ukiweza nijibu mapema, maana shule zinafunguliwa Jumatatu na mpaka naandika hapa mimi na mke wangu hatujakubaliana mtoto wetu atasoma Genkuru au atasoma Rorya kwa mama yangu.

Naitwa Orwa, ni Mjaluo wa Rorya, upande wa ziwani. Shule niliishia darasa la tano kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe. Nafanya kazi karasha hapa Genkuru, yaani pale mashine inaposaga mawe ya dhahabu, mimi ni wa kugonga mawe kwa nyundo yawe madogo, kubeba viroba na kumwaga mashineni, na jioni nikirudi niko mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga, naoga, nakula, nalala, kesho tena. Nilikuja wakati dhahabu imepamba moto, magari yanashusha watu na masururu kila asubuhi, nikasema nitakaa msimu mmoja tu nipate bati za kumwezekea mama halafu nirudi, na msimu huo mpaka leo haujaisha. Mke wangu Akello alinifuata na binti yetu Akech mgongoni, na sasa huyo wa mgongoni yuko darasa la pili.

Tumepanga chumba kimoja kwenye nyumba ndefu ya bati na majirani karibu wote ni Wakurya. Sina ugomvi nao hata kidogo, ni mimi tu sina nafasi, njia ninayoijua ni ya kutoka mlangoni kwangu mpaka karasha na kurudi. Na tangu mtoto aanze kuongea nimemwambia jambo moja bila kuchoka, hapa si kwetu. Sisi Wajaluo, mama, nyumba ya kupanga ni mahali pa kulala, nyumbani ni kwenye boma la baba yako, kitovu chako kilipozikwa, na siku ukifa ndiko utakakorudishwa. Akech alitaka kupanda maua mlangoni, nikamwambia usipande, hapa si kwetu. Akello alitaka tupake ukuta chokaa, nikamwambia chokaa ya nini, hapa si kwetu. Sikuwa na nia mbaya, niliogopa asije akasahau alikotoka.

Sasa sikiliza kilichotokea. Krismasi tulikwenda nyumbani wote watatu. Mama yangu, Zilpa, ni mjane, anakaa peke yake kwenye boma kwa sababu baba alishafariki na kaka yangu Omolo alihamia Migori, ng'ambo ya mpaka, na familia yake. Mama ana ng'ombe wake, ana shamba lake la mihogo, hajambo kabisa. Alifurahi kutuona akachinja kuku, na kesho yake wakaja akina mama wa kanisa lake kutusalimia, na watoto wa majirani wakamzunguka Akech kumshangaa mtoto wa machimboni.

Mama akamwambia, "Haya, wewe mtu wa dhahabu, hebu tuonyeshe huko mnakokaa kukoje."

Akech akaokota kijiti akaanza kuchora chini kwenye vumbi. Kwanza akachora duara kubwa. Mama akauliza, "Hilo ni kanisa?" Akech akasema, "Hapana, ni zizi la Mzee Wangwe. Linakaa katikati." Mimi nikashangaa, maana zizi hilo nalipita kila siku na sikuwahi kufikiri kwamba lipo katikati ya kitu chochote. Akaendelea, hapa mlango wa Mzee Wangwe, hapa kwa mke wake mkubwa, hapa kwa mke mdogo, hapa kwa Heche ambaye ng'ombe wake ana pembe moja, hapa kwa mama muuza chapati, hapa usipite kuna mbwa, hapa ukipita usiku lazima ukohoe kwanza watu wajue si mwizi wa ng'ombe. Akachora kilima, akasema ni mlima wao wa kutazamia jua likizama, na mimi najua kile si mlima, ni mawe tu ambayo mgodi mkubwa unamwaga baada ya kutoa dhahabu.

Mtoto mmoja wa pale akamuuliza, "Na kwenu ni wapi?"

Akech akamtazama kama vile ameulizwa swali la kijinga. "Kwetu ni hapa," akasema, akionyesha miguu ya mama yangu. "Kule si kwetu. Kule tunalala tu."

"Mnalala kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

Mama Nchagwa, alichora milango yote ya mtaa akaruka wetu. Nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha chai mkononi nikashindwa kunywa. Lakini hata hilo ningelimeza. Lililokuja baadaye ndilo limetuletea balaa.

Akech akawauliza watoto, "Hapa ardhi inatikisika saa ngapi?" Wakamwambia hapa ardhi haitikisiki. Akasema, "Sasa mnajuaje muda wa kurudi kula?" Kwetu Genkuru, ninamaanisha huku ninakofanya kazi, mgodi ukilipua miamba mchana vyombo vinagongana kabatini, na watoto wote wanajua sasa ni ugali. Watu wakacheka sana. Mama naye akacheka. Akanyanyuka kwenda kuchota maji ya chai nyingine, na Akech akamfuata kwa macho, akamwona anavyoinama kubeba ndoo, akasema kwa sauti ya kanisani kabisa, akina mama wote wanasikia:

"Bibi, mke wako yuko wapi?"

Mama akageuka na ndoo mkononi.

Mama akasema, "Mke wangu?"

"Ndiyo. Wa kukuchotea maji. Wewe una ng'ombe, kwa nini hujaoa?"

Ngoja nieleze kwa wasomaji ambao si wa huku. Jirani yetu, ambaye kwa Akech ndiko nimesikia anaitwa Bibi Bhoke, ni mama mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alitoa ng'ombe akaoa msichana anaitwa Lilian, mila yao wanaiita nyumba ntobhu, na watoto wa Lilian ni wa nyumba ya Bibi Bhoke, wanaendeleza jina lake. Wanaelewana vizuri, jioni unawasikia wanataniana, bibi anasema, "Mke wangu, leo chumvi umeisahau sokoni?" na Lilian anajibu, "Bwana wangu, meno yako ndiyo yamesahau kutafuna." Akech anashinda pale. Kwake yeye bibi kizee mwenye ng'ombe asiye na mke ni kitu cha kuhurumia, kama mtu asiye na viatu.

Mama mmoja wa kanisa alicheka mpaka akamwagikiwa na chai mapajani. Mwingine akasema, "Zilpa, tuanze kukutafutia mchumba?" Lakini mama yangu hakucheka. Aliweka ndoo chini akaniita kando.

"Orwa! Umenilelea nini huko?"

"Mama, ni mtoto tu."

"Mtoto wa nani? Hata kuniita dani hawezi, ananiita bibi kama karani wa posta. Anachora zizi la watu wengine. Anataka nioe! Huyu umeshampoteza. Shule ikifunguliwa ananiletea begi lake hapa, nimlee mwenyewe ajue kwao."

Nikasema sawa mama. Sasa ningesema nini, mama ni mama, na mbele ya wageni. Lakini tulipofika Genkuru nikamwambia Akello, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Mtoto si mbuzi wa kuhamishiwa malisho," akasema. "Ukimpeleka Akech, na mimi nafungasha, wewe ubaki unalala kwa mwenye nyumba." Tangu siku hiyo ananipa chakula bila kusema neno, na unajua Akello asiposema neno sufuria ndizo zinasema.

Nimemweleza mwenzangu wa karasha, Magige, yeye ni Mkurya wa hapa hapa, akacheka akaniita mura, yaani kijana kwa Kikurya, akasema, "Mura, sisi hatukumchukua mtoto wako. Amekuja mwenyewe, tena mchana kweupe." Sikujua kama nicheke au nikasirike.

Akech mwenyewe hatujamwambia kitu, lakini mtoto ana masikio, juzi alimuuliza mama yake kama Rorya kuna mtoto wa kucheza naye rede, na jana nimemkuta amemaliza kukunja gauni zake mbili akaziweka juu ya begi, hakulia, alizikunja vizuri tu. Hilo limenikata maini kuliko yote.

Naomba unishauri, mama. Nikimpeleka, namvunjia mke wangu nyumba. Nisipompeleka, nimemdharau mama yangu, na labda ni kweli mtoto amepotea na mimi ndiye sijaona. Nifanye nini?

Ni mimi Orwa,
Karasha, Genkuru.

MAMA NCHAGWA ANAJIBU

Baba Akech, pole na vumbi, na pole na sufuria zinazosema. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka nilipofika kwenye gauni mbili. Sasa kaa chini nikuambie.

Mtoto wako hajapotea. Mtoto aliyepotea ni yule asiyejua alipo. Huyu anajua zizi liko wapi, mbwa yuko wapi, na wapi akohoe usiku asidhaniwe mwizi. Kukohoa kwanza ni adabu ya watu wanaoishi na ng'ombe, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha, ameiokota mwenyewe kwa kuishi. Wewe umepita penye zizi hilo miaka yote na hukujua lipo katikati. Niambie, kati yenu wawili, aliyepotea ni nani?

Mimi nimekulia Issenye, pembeni mwa mbuga ya wanyama. Ukiniuliza utotoni kwetu pakoje, ningeanza na njia ambayo nyumbu wanapita, halafu kisima, halafu mti ambao chui alipandisha mbuzi wetu, nyumba ningeikumbuka mwishoni. Baba yangu alikuwa karani, yeye angekwambia tunakaa umbali fulani kutoka ofisi ya kata, basi. Tulilala chini ya paa moja lakini kila mtu alikuwa na mtaa wake. Na binamu zangu walipokuja kutoka Tarime mjini wakalia usiku kucha kwa kusikia fisi, sisi tukawauliza, "Sasa nyinyi mnalalaje bila fisi?" Ndivyo watoto walivyo, baba. Hawauoni mtaa kwa macho matupu, wanauona kupitia kwa watu wanaowalea, wanaocheza nao na wanaowapa ugali. Akech amelelewa na Wajaluo wawili waliochoka na Wakurya wengi wenye nafasi. Ulitegemea achore nini, mitumbwi?

Hapo kwenye kuruka mlango wenu, usimlaumu mtoto. Amekutii. Umemwambia hapa si kwetu, na mtoto mwadilifu hachori kwake mahali ambapo si kwake. Ulifikiri unamfundisha kwao ni wapi. Ulichomfundisha ni kwamba chumba anacholala na baba na mama yake hakistahili hata alama ya kijiti kwenye vumbi. Mila ya boma la baba ni nzuri na sikuambii uiache, na ikifika siku yako urudishwe Rorya kwa heshima zote. Lakini mila yenu inasema utazikwa wapi, haikukataza kupanda maua unapoishi. Hilo la maua uliliongeza wewe, kwa uchovu.

Tena nikuambie nilichokiona kwenye barua yako. Boma la Rorya umenieleza nani ni mjane, nani amehamia Migori, mihogo iko wapi. Genkuru, jina la jirani yako wa ukutani umelisikia kwa mtoto wa darasa la pili. Aibu, baba Akech! Mtu anakaa karibu nawe mpaka unasikia habari za meno yake, na hujawahi kumpa shikamoo?

Sasa tuje kwa mama yako, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu umelipita jambo kubwa mbio mbio ukiwahi kwenye kichekesho. Umesema mama yuko peke yake, halafu ukasema hajambo kabisa. Nani kakuambia hajambo? Akech alikaa pale siku mbili akaona ambalo wewe mwanawe hukuliona: mwanamke mzee anainama kubeba ndoo na hakuna wa kumpokea. Akatafuta dawa. Dawa aliyoijua ni ya Bibi Bhoke, kwa hiyo akaisema. Hakumtukana bibi yake. Alimwonea huruma kwa mila ya mtaa wake, kwa sababu ndiyo mila aliyokuwa nayo mfukoni.

Na nadhani mama yako alilielewa hilo haraka kuliko wote, ndiyo maana hakucheka. Mtu hakasiriki hivyo kwa sababu mjukuu amechora zizi. Zilpa hataki kumwokoa Akech na Wakurya. Zilpa amechoka kula peke yake. Lakini mzee wa heshima hawezi kusema mbele ya akina mama wa kanisa, "Mwanangu, nina upweke," basi anasema, "Mtoto amepotea, nileteeni." Wewe ukajibu sawa mama, ukapanda gari. Amekuomba mkono, ukataka kumpa mtoto wa watu abebe ndoo.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Akech haendi kuishi Rorya. Mwambie leo hii, kabla hujaoga, kwa mdomo wako, usimtume Akello. Gauni zirudi kwenye kamba.

Kisha mpigie simu Omolo huko Migori. Mwambie mama ni wenu wote wawili, mpaka haukumfanya awe wa mmoja. Ana watoto wakubwa? Mmoja akae na bibi. Hana? Bati zile ulizozifuata Genkuru ukiziweka, weka na mfereji wa kukinga maji ya mvua na pipa kubwa chini yake, mama asiende tena kuinama. Hiyo ndiyo heshima kwa mzazi. Heshima ya kumkubalia kwa mdomo halafu ukaja kuniandikia mimi, hiyo haichoti maji.

Likizo, Akech aende kwa dani yake, na amwite dani, hapo mama yako ana haki kamili. Umelalamika mtoto hajui kwao na hukumwambia hata neno la kumwita bibi yake? Chakula cha jioni kiliwe kwa Kijaluo. Umechoka, najua. Sema maneno machache, lakini uyaseme kila siku.

Halafu mkaribishe mama Genkuru, apande gari aje aone. Usimtembeze wewe, utampeleka karasha kisha umrudishe. Mwachie Akech. Amwonyeshe zizi, na huo mlima wa kutazamia jua, kwa mbali lakini, mawe ya mgodi yanaporomoka na watoto wasiyapande, hilo wewe baba ndiye wa kulisema na hukulisema. Ampeleke kwa Bibi Bhoke. Wale ni wazee wawili wenye ng'ombe, watakuwa na mengi ya kuongea kuhusu wakwe na magoti kuliko unavyodhani, na mama yako si lazima aikubali nyumba ntobhu ndipo anywe uji wa watu.

Akello mnunulie hiyo chokaa. Usitoe hotuba, wewe nunua tu uiweke mlangoni na brashi juu yake. Sufuria zitanyamaza.

Na Jumatatu asubuhi, waombe karasha wakuache uchelewe kidogo. Mshike Akech mkono umwambie akupeleke shule kwa njia yake, si kwa njia yako. Kila mlango atakaoutaja, simama usalimie. Utaona haya, vumilia. Wakikuuliza wewe ni nani, usiseme Orwa wa karasha, hawatakujua. Sema wewe ni baba yake Akech.